Kufundisha Tamthilia ya Ndoa: Nani Ajua Nini?

Aghalabu somo la tamthilia ihusuyo ndoa yenye migogoro hugeuka baraza la hukumu: alaumiwe mume au mke? Kelele huzidi, na kitabu husahauliwa. Twapendekeza njia nyingine, nayo tutaieleza kwa mfano wa The Dilemma of a Ghost, tamthilia ya Ama Ata Aidoo wa Ghana, iliyoonyeshwa kwanza mwaka 1964 na kuchapishwa mwaka 1965.

Ato, aliyesomeshwa kwa jasho la ukoo wake, arejea kutoka Marekani na mke, Eulalie, Mmarekani Mweusi. Ukoo wasikitika kwamba ameoa mzawa wa watumwa. Mamaye Ato, Esi Kom, awaletea konokono, kitoweo cha thamani kwao. Lakini Eulalie awaona kinyaa, nao huishia kutupwa. Baadaye jamaa waja na dawa ya kumwosha tumbo, wakidhani kwamba ni tasa.

Kwanza, mwalimu achore ubaoni safu tatu: Ato, Eulalie, ukoo. Kisha darasa lisome utangulizi, ambamo wachumba hao wakubaliana kuahirisha kuzaa. Mtazamaji, basi, aijua siri hiyo tangu mwanzo.

Pili, kila sehemu imalizikapo, wanafunzi watie alama chini ya kila aijuaye siri. Wataona kwamba safu ya ukoo yabaki tupu karibu hadi mwisho, na kwamba Ato, mwenye kuzielewa pande zote mbili, ndiye anyamazaye. Hapo neno kinaya hupata maana bila ya kukaririwa.

Tatu, waigize tukio la dawa mara mbili: kama lilivyoandikwa, kisha Ato akisema kweli. Waulizwe: ni nini kilichobadilika? Ndipo watakapoelewa kwa nini mwishoni Esi Kom, akiisha kuambiwa, amkemea mwanawe na kumpokea mkwewe.

Mwalimu hana budi kuchunga jambo moja. Darasani huenda yumo mtoto ambaye mama yake husimangwa kwa kukawia kuzaa tena, au ambaye wazazi wake wametengana. Asiulizwe kamwe, "Je, kwenu?" Mazungumzo yabaki kwa Ato na Eulalie, mtoto atajipimia mwenyewe kimoyomoyo.

Wanafunzi wa darasa la tano hawataisoma tamthilia hii. Hata hivyo, swali la nani ajua nini lafaa kwa mchezo wowote mfupi watakaoigiza, nalo huwazoeza kusikiliza kabla ya kuhukumu.