Taulo Moja na Ndugu Wengi

Magomvi makubwa ya nyumbani mara nyingi hayazaliwi na jambo kubwa. Watu waliovumiliana wakati wa njaa, wakasaidiana katika karo na mazishi, huweza kufarakana kwa sababu ya taulo lililokutwa limelowa, au wembe uliokutwa na nywele za mtu mwingine. Na kwa kuwa jambo lenyewe ni dogo, tena la aibu, hapana mtu alitajaye. Hukaa moyoni kama mwiba ulioachwa ndani ya nyama, na siku ya kutoka hutoka pamoja na usaha.

Chukua mfano wa karani akaaye mjini na mke na watoto wawili katika chumba kimoja na ukumbi mdogo. Ndugu yake ametoka shamba kuja kutafuta kazi. Ni kijana mwema mwenye adabu, lakini alikuja na mfuko mmoja tu, na ndani yake hamkuwamo taulo wala mswaki. Siku ya kwanza alichukua taulo lililoning'inia mlangoni, akaoga, akalirudisha pale pale. Shemeji yake akaliona, akanyamaza. Siku ya nne mke yule akakuta mswaki wake mwenyewe umelowa kabla hajautumia. Usiku huo akamwambia mumewe, "Baba Watoto, sema na ndugu yako." Mume, ambaye tangu mgeni alipofika alikuwa akiyangojea maneno hayo kwa hofu, akajibu, "Useme tu ya kuwa humtaki." Basi mazungumzo ya mswaki yakawa yamekwisha, yakaanza mazungumzo ya ukoo.

Habari zilifika shamba kabla ya juma kwisha, na mama mzazi akatoa hukumu yake: "Sisi tulilala wanane katika ngozi moja, wala hakuna aliyeona kinyaa na nduguye."

Katika nyumba namna hii kila mtu ana sehemu yake ya haki, na hiyo ndiyo sababu ugomvi haumaliziki. Mke anasema kweli juu ya mswaki. Mume anasema kweli kwamba ndugu hafukuzwi. Mama naye anajua maana ya kuwa na ndugu wa kulala nao siku za baridi. Lakini mambo mawili yamefungwa pamoja kama kuni katika kamba moja, yaani ugonjwa na heshima, na hayana budi kufunguliwa kila moja litazamwe peke yake.

Kwanza ni vema kuondoa wazo la kwamba mipaka ya mwili ni jambo la kigeni lililokuja na sabuni ya dukani. Wazee walikuwa na mipaka mingi kuliko yetu. Kwa Wajaluo kijana aliyebaleghe hakulala tena nyumbani mwa mama yake. Alikuwa na nyumba yake iitwayo simba, karibu na lango la boma. Kwa Wakikuyu mwanamume alikuwa na thingira yake, na mke nyumba yake. Pwani, na mahali pengi pengine, kabla ya kula mtu mmoja alipita na birika na bakuli akimmiminia kila mtu maji mikononi, ili maji yaliyokwisha kumwosha mmoja yasimwoshe mwingine. Ni desturi njema mno, na inasikitisha kuona nyumba nyingi zimeiacha zikaweka beseni moja la maji, wa kwanza akinawa humo na wa kumi akinawa humo humo.

Kilichobadilika ni nafasi. Boma la kale lilikuwa na nyumba nyingi, na chumba cha mji ni kimoja. Tena vyumba vingi vya zamani vya Nairobi, kama vile vya reli pale Muthurwa, vilijengwa kwa fikira kwamba mfanyakazi ni mwanamume peke yake ambaye mke na watoto wake wako shamba. Hata mishahara ilipimwa kwa kipimo hicho, mpaka mwaka 1954 Kamati ya Mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na F. W. Carpenter, iliposema wazi kwamba mshahara wapaswa kutosha mtu na jamaa yake. Miaka mingi imepita tangu hapo, lakini hata leo jamaa nyingi zaishi katika chumba kimoja, na adabu iliyokuwa ikilindwa na ukuta sasa yapaswa kulindwa na maneno. Nasi hatukufundishwa maneno hayo, kwa kuwa babu zetu hawakuyahitaji.

Sasa lije jambo la ugonjwa. Ugonjwa unaoleta fitina kuliko yote katika nyumba yenye watu wengi ni upele. Huletwa na kidudu kidogo mno, jamii ya utitiri, kichimbacho ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Huenda kutoka mtu hadi mtu kwa kugusana ngozi kwa muda mrefu, hasa kwa kulala kitanda kimoja, na pengine kwa nguo na matandiko. Nje ya mwili wa mtu hakiishi zaidi ya siku mbili au tatu. Kujikuna huzidi usiku, na watoto hukosa usingizi.

Mgeni anapofika na watu wakaanza kujikuna, kila mtu humtazama yeye. Hapo ndipo akili yahitajiwa. Mtu ambaye hajapata kuugua upele maishani mwake, akiambukizwa, aweza kukaa majuma manne hadi sita kabla ya kuanza kuwashwa. Lakini mtu aliyewahi kuugua zamani, akiambukizwa tena, huanza kuwashwa baada ya siku moja hadi nne. Basi fikiri, msomaji. Watoto wa nyumba wamekwisha kuupata shuleni, nao bado hawajikuni. Mgeni, aliyeugua upele utotoni, analala nao kitanda kimoja, na siku ya tatu anaanza kujikuna. Nyumba nzima itasema upele umeletwa na mgeni, na hali mgeni ameukuta. Ni watu wangapi waliorudishwa kwao kwa kosa hilo, na mama zao wakawapokea wakiwa wamefedheheka, hakuna awezaye kuhesabu.

Kwa hiyo kumtafuta aliyeuleta ni kupoteza wakati. Dawa ya upele ni ya nyumba nzima: watu wote walalao humo hupakwa usiku mmoja, kuanzia shingoni hadi nyayoni, ajikunaye na asiyejikuna, na baba mwenye nyumba naye asijitoe kwa kuona haya. Akiachwa mmoja, baada ya muda wote watakuwa nao tena. Dawa zipatikanazo hospitalini, kama vile ile nyeupe ya benzili benzoeti au malhamu ya pamethrini, ni nzuri zikitumiwa kama ilivyoelekezwa. Watoto wachanga wana kipimo chao, nacho kiulizwe kwa mganga. Asubuhi yake nguo na matandiko yote yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani, na kisichofulika kifungwe katika mfuko kwa muda wa juma moja. Tena watu wajue mapema kwamba mwasho waweza kuendelea kwa majuma mawili au zaidi hata baada ya vidudu kufa, wasije wakaanza ugomvi wa pili wakidhani kuna mtu aliyekataa kupakwa.

Taulo na kitambaa cha uso vina hatari yao nyingine. Ugonjwa wa macho uitwao trakoma, ambao umepofusha watu wengi katika sehemu kavu za Kenya kama vile Turkana, Narok na Kajiado, husafiri kwa njia ya nzi, mikono, na vitambaa vilivyogusa macho na kamasi za watoto wagonjwa. Mama afutaye macho ya mtoto mmoja kwa pembe ya leso, kisha akafuta ya mwingine kwa pembe ile ile, kisha akajifuta jasho, ameupitisha mara tatu kwa mapenzi mema. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba wanawake hupofuka kwa trakoma hadi mara nne kuliko wanaume, kwa kuwa wao ndio wakaao na watoto.

Wembe na mswaki ni jambo zito zaidi, kwa sababu hugusa damu. Fizi hutoka damu hata pasipo mtu kujua. Virusi vya hepatitisi B, ambavyo huharibu ini, vyaweza kuishi juu ya kitu kikavu kwa muda wa siku saba au zaidi. Mke yule wa karani, ingawa pengine hakuwa na habari ya hepatitisi, alikuwa na haki kamili kukataa mswaki wake usitumiwe na mtu mwingine, awe shemeji au awe mume.

Lakini wako na watu wasafi wapitao kiasi, nao hawana budi kuambiwa. Hawa ndio wamwekeao mgeni kikombe chake chenye alama, sahani yake chini ya meza, na kiti asichokalia mtu mwingine. Katika miaka ya 1980 na 1990, Ukimwi ulipoenea, wagonjwa wengi walitengewa vikombe na vijiko nyumbani mwao wenyewe, na wengine walikufa hawajashikwa mkono na ndugu zao kwa miezi. Yote hayo yalikuwa bure, kwa maana virusi vya Ukimwi haviambukizi kwa kikombe, wala kwa sahani, wala kwa kushikana mikono. Hata kifua kikuu hakikai katika kikombe. Huenda kwa pumzi ya mtu mwenye kukohoa ambaye hajaanza kutibiwa, na kufungua dirisha ni kinga bora mara nyingi kuliko kununua vyombo vipya. Kikombe kilichooshwa kwa maji na sabuni hakina hatia. Atengaye wembe, mswaki, taulo na shuka, analinda nyumba. Atengaye kikombe na kiti anamwambia nduguye kwamba yeye ni uchafu, na neno hilo halisahauliki hata akipewa nyumba nzima.

Sasa ni nani aseme, na aseme vipi? Hapa ndipo karani wetu alipoharibu mambo. Mke hana njia ya kumwambia shemeji yake habari za mwili pasipo kuvunja adabu, na akisema atahesabiwa mwenye kiburi. Mwenye kusema ni wa damu: ndugu kwa ndugu, wanaume peke yao, njiani kwenda dukani, si mezani mbele ya watoto. Tena aseme mapema. Mgeni akifika jioni, kabla ya chakula apewe taulo lake na mswaki mpya, aonyeshwe msumari wa kutundikia, na kuambiwa, "Hivi ni vyako, ndugu yangu, humu kila mtu ana chake." Asemaye hivyo siku ya kwanza ametoa zawadi. Akisubiri siku ya nne, maneno yale yale yatakuwa mashitaka. Na ikiwa fedha ni chache, taulo kubwa moja laweza kukatwa mara mbili na kushonwa pindo.

Kwa upande wa shamba, shida iliyo ngumu kuliko zote ni ya choo. Katika sehemu nyingi za magharibi ya Kenya mke wa mwana na baba mkwe wake hawaingii choo kimoja, wala mkwe wa kiume na mama wa mkewe. Tangu mwaka 2007, ilipoanza Kenya kazi ya kuvishawishi vijiji viache kwenda haja porini, Mabwana Afya wengi wamelikuta jambo hili: nyumba ina choo kizuri cha mabati, kimehesabiwa kitabuni, na hali nusu ya watu wa nyumba hiyo hawawezi kukiingia. Mkwe huamka gizani kwenda kichakani, na mvua inaposhuka huyapeleka yote kisimani wanakochota maji wote, pamoja na baba mkwe mwenyewe. Kuwacheka wazee hakuchimbi shimo la pili. Iliyofaa katika boma nyingi ni kukaa chini na kujenga vyoo viwili mbalimbali, milango ikiwa imeelekea pande tofauti, hata kama cha pili kimezungushiwa makuti au nyasi. Watu wawili wenye jembe moja huchimba shimo lake kwa siku chache, na heshima haijavunjwa wala kisima hakijachafuliwa.

Na liko jambo moja ambalo nyumba nyingi hulikuta ghafula. Baba mzee aliyepooza au aliyedhoofika huletwa mjini kwa mwanawe ili awe karibu na hospitali. Ni nani atakayemwosha? Mume huondoka alfajiri kwenda kazini na kumwachia mkewe. Mke hawezi kumvua nguo baba mkwe wake. Mzee naye, ingawa hana nguvu ya kusema, hugeuza uso ukutani. Hivyo siku hupita, ngozi hupata vidonda vya kulalia, na harufu huanza, kisha mwana hurudi jioni na kumlaumu mkewe kwa uvivu. Mke aweza kupika, kufua, kuchemsha maji na kubadili matandiko. Kuosha ni kazi ya mwana, nayo haichukui zaidi ya nusu saa kabla ya kwenda kazini: mlango umefungwa, maji ni vuguvugu, sehemu ioshwayo peke yake ndiyo iliyofunuliwa, na kila mara mzee ameambiwa kwanza, "Baba, sasa naosha mgongo," kabla ya mkono kumgusa.