Zakayo na Mizani Yake



Wapendwa wasikilizaji, Injili ya Dominika hii ya 31 ya Mwaka C yatupeleka Yeriko, kwa mtu mfupi aliyepanda mti. Ninyi mlioko Mkuyuni, hapo njiani mtu atokapo mjini Mwanza kwenda Nyegezi, mna sababu ya pekee ya kuisikiliza, kwa kuwa mti aliopanda Zakayo ulikuwa mkuyu.

Tena wengi wenu mwaishi kwa kuuza. Mwauza dagaa, mitumba, vipuri. Wengine mwauza kwa niaba ya makampuni, mkitembea na fomu mkononi. Baada ya Misa twaulizwa mara nyingi: Mkristo anayetaka kupanda katika kazi ya kuuza, mwenye duka moja akitamani la pili, atabakije mwaminifu? Wengi huuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba wanaungama.

Tuseme wazi: kutaka kupanda si dhambi. Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru, alitangulia mbio na kukwea mti mbele ya watu waliomjua, bila kuona haya. Bidii ile ile iliyomtajirisha ndiyo iliyomfikisha kwa Bwana. Wala hatusomi kwamba aliamriwa kuiacha kazi yake, kama Lawi alivyoitwa atoke penye meza ya ushuru. Zakayo mwenyewe ndiye aliyeanza kutaja hesabu.

Majuma sita yaliyopita tulimsikia nabii Amosi akiwakemea wafanyabiashara wa Israeli. Kosa lao lilikuwa na pande mbili. Efa, kipimo cha nafaka, waliipunguza. Shekeli, jiwe la kupimia fedha ya mnunuzi, waliiongeza uzito. Nasi twavijua vipimo hivyo kwa majina mengine. Mchuuzi huenda shambani akadai gunia la lumbesa, lililoshonewa kilemba juu, akalilipia kama gunia moja, ingawa sheria yetu hairuhusu gunia kuzidi kilo 100. Kisha hulifikisha sokoni, akauza mazao yale yale kwa kopo lililobonyezwa kitako. Mkulima amepunjwa, mlaji naye amepunjwa, na kati yao amesimama mtu mmoja mwenye rozari mfukoni. Watu wa Amosi nao walikuwa wasali. Waliishika Sabato, ila waliona inakawia kwisha.

Habari hii ina historia yake hapa kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walinung'unika kwamba mizani ya wanunuzi iliwaibia. Wakaweka wapimaji wao, watu waliojua kusoma, wapime pamba kabla haijafika kwa mnunuzi. Paul Bomani, kijana aliyezaliwa 1925 na aliyekuwa kiongozi katika ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza, alizunguka vijijini akiwaunganisha wakulima. Mwaka 1955 likapatikana shirikisho kubwa la vyama vya ushirika vya kanda hii ya Ziwa Victoria, na mwaka 1962 Bomani akawa Waziri wa Fedha. Huyo alitaka kupanda, na alipanda pamoja na wengine. Lakini tusiishie hapo, maana mwaka 1966 Serikali ililazimika kuunda kamati ya kuchunguza vyama vya ushirika, baada ya wakulima kulalamika tena, safari hii dhidi ya vyombo vyao wenyewe. Mizani ilikuwa imebadilisha mikono tu.

Turudi kwa kijana wa leo. Tumfikirie auzaye taa za jua kwa mkopo, aliyepangiwa idadi ya wateja kila mwezi. Yuko Misungwi, mbele yake mama mjane ameshika kalamu. Mama amesikia malipo ya siku moja, nayo ni madogo. Jumla ya miaka miwili hajaisikia. Kijana akiisoma jumla hiyo kwa sauti, huenda mama akairudisha kalamu, na kamisheni ikapotea, na mwishoni mwa mwezi akaitwa ofisini kujieleza. Hatutamdanganya kwamba Mungu atamletea mteja mwingine jioni hiyo hiyo. Huenda asimlete. Twamwomba aisome hata hivyo, kisha ageuze bidii yake kutafuta wanaoweza kulipa, kwa miguu kama ikibidi.

Na aliyekwisha kupunja? Hapa twawasihi makatekista. Mfundishapo Amri ya Saba, msiishie kwenye katazo la kuiba, fundisheni malipizi. Torati ilimtaka aliyekiri dhuluma arudishe mali na kuongeza sehemu ya tano. Kulipa mara nne ilikuwa adhabu ya mwizi aliyeiba kondoo akamchinja au kumwuza. Zakayo alijihukumu kama mwizi wa kondoo. Basi unayemjua uliyempunja, mrudishie yeye. Usiyeweza kumpata, wape maskini. Maungamo hayafuti deni la mjane wa Misungwi.

Nasi tunaohubiri tuna sehemu yetu. Siku ya mavuno, gunia likifika altareni, hatuulizi lilipatikana kwa kopo gani. Mfadhili huketishwa mbele, na mama aliyekataa kulibonyeza kopo lake, ambaye mtaji wake haukui, hukaa nyuma karibu na mlango. Mama huyo hatujawahi kumtaja katika matangazo.

Injili haisemi kama kesho yake Zakayo alirudi kwenye meza ya ushuru. Sisi twadhani alirudi. Alikuwa ametoa nusu ya mali yake, na katika nusu iliyobaki walikuwepo wa kulipwa mara nne. Tena nyumbani mwake alikuwamo mgeni.