Bastola ya GP: ya zamani na ya mupya zinatofautiana wapi?

Mwezi wa pili 2025, M23 ilipoingia Bukavu, silaha nyingi ziliachwa barabarani, na watoto wakaziokota. Wazazi wa Nyalukemba, bastola mbili zinaweza kufanana sana na hazina usalama uleule.

Tuchukue GP, ya kiwanda FN cha Herstal, Ubelgiji. Ilitoka 1935, inabeba masasi 13. Ile ya zamani ikianguka chini kwa mdomo, ile sindano ya ndani inaweza kusukumwa na kugonga sasi: inalia yenyewe, hakuna mutu amegusa gasheti. Katika ile ya Mark III, ya mwisho wa miaka ya 1980, waliongeza kizuizi kinachofunga sindano mpaka mutu avute gasheti. Kwa macho, tofauti hiyo huioni.

Jambo lingine, na hapa ndipo watu wanadanganyika. GP ya kawaida, ukitoa sanduku la masasi, gasheti haifanye kazi. Lakini sasi moja inaweza kubakia ndani ya kanoni! Glock, iliyoanza 1982, haina kizuizi hicho: sanduku liko inje, na bado inapiga. Tena haina kale ka-sekirite ka kufunga kwa kidole.

FN ilisimamisha GP 2018, halafu 2022 ikatoa ingine ya masasi 17. Hiyo si ile inayookotwa kwetu. Mtoto akileta bastola nyumbani, musiifungue, musitoe sanduku. Muondoe watoto, muite mwenye kuijua.