Kifaa cha Kuongozea Njia au Ramani ya Karatasi: Kipi Kimfae Msafiri wa Mpakani?



Suala moja huulizwa mara nyingi na madereva wa malori, wachuuzi wanaosafirisha mazao na vijana wa bodaboda: je, kuna faida gani kutegemea simu au kifaa cha garini kinachoongoza njia, ilhali ramani ya karatasi ingalipo? Tumeona vyema tulieleze jambo hili kwa utaratibu, kwa kuwa katika eneo la mpaka kosa la njia haliishii katika kupoteza muda na mafuta. Laweza kumfikisha mtu mikononi mwa sheria ya nchi nyingine.

Kwanza, tufahamu namna kifaa hicho kinavyofanya kazi. Mfumo wa Marekani uitwao GPS hutumia satelaiti zisizopungua 24 zinazoizunguka dunia katika kimo cha kilomita zipatazo 20,200. Simu hupokea ishara zake, hupima muda zilizotumia kufika, na kwa kuunganisha ishara za satelaiti nne hukadiria mahali ulipo. Hadi mwezi Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikizipunguza usahihi kwa makusudi ishara zinazotumiwa na raia. Tangu ilipoacha kufanya hivyo, simu ya kawaida mahali pa wazi huweza kuonyesha ulipo kwa tofauti ya mita chache tu.

Wengi hudhani kwamba kazi hiyo huhitaji bando. Sivyo. Ishara za satelaiti ni za bure. Kinachohitaji intaneti ni picha ya ramani yenyewe. Ndiyo maana dereva afikapo mpakani, simu yake ikakamata mtandao wa nchi jirani au ikakosa mtandao kabisa, huona alama ya mahali alipo ikielea juu ya ukurasa mtupu. Dawa yake ni kupakua ramani ya eneo zima na kuihifadhi ndani ya simu kabla ya kuanza safari.

Ramani ya karatasi nayo ina fadhila zake. Ile ya kipimo cha 1:50,000, ambayo huchapishwa na Idara ya Upimaji na Ramani iliyoko Entebbe, huonyesha nusu kilomita ya ardhi katika kila sentimita moja. Haihitaji betri, wala haizimiki kwa joto au mvua ikitunzwa vizuri. Zaidi ya yote, humwonyesha msomaji nchi nzima iliyomzunguka: mito, vinamasi, vilima na barabara zote mbadala kwa mtazamo mmoja. Upungufu wake ni kwamba wino haubadiliki. Karatasi nyingi zilichorwa miongo kadhaa iliyopita, na barabara zilizojengwa baadaye hazimo.

Tuchukue mfano ambao wengi wetu tunaukumbuka. Mwezi Mei 2023 mto Katonga ulifurika na kuikata barabara kuu ya Kampala kwenda Masaka, ambayo ndiyo tegemeo la wasafiri wa Mutukula. Magari yalilazimika kuzunguka kupitia Mpigi, Kanoni, Sembabule na Villa Maria. Hakuna satelaiti iliyoweza kujua kwamba maji yameichukua barabara. Kifaa hujua jambo la namna hiyo pale tu watu wanapoliripoti. Karatasi nayo haikujua, ila aliyekuwa nayo aliweza kuona mara moja njia nyingine zilipo. Taarifa yenyewe ilitokana na binadamu: redio, wasafiri waliotangulia na askari wa barabarani.

Sasa tufike kwenye hatari iliyo kubwa zaidi kwetu. Kifaa hutafuta njia fupi au ya haraka. Hakitambui kwamba ujia fulani kati ya mashamba ni njia ya panya isiyo na afisa wa uhamiaji wala wa forodha. Mtu akikifuata bila kutafakari aweza kujikuta Tanzania bila kugongewa muhuri, na shehena yake ikahesabiwa kuwa ya magendo. Kusema kwamba simu ndiyo iliyonielekeza si utetezi. Programu haina mamlaka ya kumruhusu mtu kuvuka mpaka. Kituo cha pamoja cha Mutukula, kilichozinduliwa mwaka 2017, ndicho mahali halali pa kupita katika barabara hii.

Vilevile, mstari uonekanao kwenye kioo cha simu usitumike kuamua ugomvi wa mashamba. Mpaka wetu na Tanzania, magharibi ya Ziwa Victoria, uliwekwa na wakoloni kufuata latitudo ya digrii 1 kusini mwa ikweta. Hata hivyo, ardhini mpaka hutambuliwa kwa vigingi vilivyosimikwa na wapima ardhi, wala si kwa mchoro wa programu. Anayeving'oa au kuvihamisha anawatia majirani zake katika mgogoro.

Anayevuka Mutukula kwenda Kagera ataendelea kuendesha upande wa kushoto. Lakini akifika Rusumo na kuingia Rwanda, hana budi kuhamia kulia. Asingoje kukumbushwa na kifaa; ajiandae yeye mwenyewe.

Je, kipi basi kina thamani? Kwa maoni yetu, asiye na kifaa maalumu cha garini hana haja ya kuingia gharama ya kukinunua ikiwa simu aliyo nayo yatosha. Simu ni bora kwa kukuambia ulipo. Karatasi ni bora kwa kupanga uendako na kwa siku ambayo simu itazimika. Mwenye busara huvitumia vyote viwili, kisha huuliza wenyeji.

Tunawasihi mzingatie haya:

1. Pangeni njia kabla ya kuondoka, na mhakikishe inapita katika kituo halali cha mpaka.

2. Dereva asishike simu mkononi akiwa anaendesha. Aiweke kwenye kishikio na kusikiliza sauti, au utingo amsomee.

3. Njia ikigeuka kuwa ujia mwembamba usio na vibao, simameni na kumuuliza mwenyekiti wa kijiji au kituo cha polisi kilicho karibu.

4. Mkipatwa na dharura, pigeni 999 au 112. Tajeni kijiji, alama inayoonekana na namba za mahali zinazoonyeshwa na simu. Msisahau alama ya kutoa mwanzoni mwa latitudo, kwani sisi tuko kusini mwa ikweta. Mtu aliye Mutukula akiiacha, namba zake zitaonyesha mahali palipo zaidi ya kilomita 200 kaskazini, kuelekea upande wa Hoima, na msaada utachelewa.

Kuuliza njia si ujinga. Afisa wetu yeyote mtakayemkuta barabarani ana wajibu wa kuwaelekeza, na hampaswi kumlipa chochote kwa huduma hiyo.