Je, Wajua? Begi la Vipande la Kushona Nyumbani

Je, wajua kwamba nyumba nzima inaweza kuwa mzigo wa ngamia? Kwa Wagabra, Warendille na Wasomali wa kaskazini mwa Kenya, nyumba ya mfugaji anayehama hujengwa kwa fito zilizopindwa, kisha ikafunikwa kwa mikeka na ngozi. Siku ya kuhama, wanawake, ambao ndio wajenzi wake, huibomoa kipande kwa kipande. Mikeka hugeuka tandiko la mgongo wa ngamia. Fito hufungwa ubavuni zikawa fremu ya kushikilia mzigo, na vyombo vya maziwa vikaning'inizwa juu yake. Hakuna kipande chenye kazi moja tu. Anayeketi leo kwenye cherehani mjini Isiolo akitaka kushona begi la mgongoni la vipande, yaani mfuko mkuu mmoja na vifuko vya nje vinavyofungwa na kufunguliwa kulingana na safari, ana walimu karibu naye.

Je, wajua kwamba wapagazi wa misafara ya karne ya 19 walibeba mizigo iliyokwisha kugawanywa tangu pwani? Kipimo kilikuwa frasila, karibu kilo 16, na mzigo wa mtu mmoja ulikaribia frasila mbili. Shanga, nguo na waya za shaba zilifungwa katika matita yanayolingana kabla safari haijaanza, ili mmoja akiugua mwenzake aupokee mzigo bila kuufungua.

Je, wajua kwamba roho ya begi la vipande ni ngazi ya mikanda? Jeshi la Marekani lilianza kutumia mfumo wa aina hii, uitwao MOLLE, mwishoni mwa miaka ya 1990, na vipimo vyake vimeenea kiasi kwamba kifuko kilichoshonwa Isiolo kinaweza kukaa kwenye begi lililoshonwa Ulaya. Mkanda una upana wa inchi moja, yaani sentimita 2.5. Kati ya mkanda na mkanda huachwa nafasi ya inchi moja. Kisha kila mkanda hupigwa mshono wima kila baada ya inchi moja na nusu, yaani sentimita 3.8, ili vibaki vidirisha vya kupitisha ulimi. Kifuko nacho kina mikanda yake mgongoni, na hiyo huingia katika zile nafasi zilizoachwa kwenye begi. Ulimi wa kifuko, yaani utepe mrefu ulioshonwa juu mgongoni mwake, hushuka chini ya mkanda wa begi, kisha chini ya mkanda wa kifuko, kisha chini ya mkanda wa begi tena, kama ukindu katika mkeka, mpaka ufike mwisho na kufungwa kwa kifungo. Mzigo ukivuta, kila mkanda hubeba sehemu yake, na kifuko hakichezi hata ukikimbilia basi.

Je, wajua kwamba ngazi hiyo hushonwa kwanza, kabla ya kitu kingine chochote? Begi likishafungwa pande zote, mkono wa cherehani haufiki tena katikati ya kitambaa. Chora mistari yote kwa chaki na rula, usitegemee jicho. Milimita mbili ukizikosea kwenye kila kidirisha, kufikia kidirisha cha saba umepotoka kwa zaidi ya sentimita nzima, na kifuko cha mtu mwingine hakitaingia kwako.

Je, wajua kwamba begi la siku moja halihitaji kitambaa kingi? Kimo cha sentimita 45, upana wa 30 na kina cha 16 vinakupa lita 21.6, nafasi ya kutosha maji, chakula, sweta na daftari. Ongeza sentimita moja na nusu ya mshono kila upande, na kipande cha mbele kinakuwa 48 kwa 33. Ukuta wa kuzunguka una urefu wa sentimita 150 kabla ya kuongeza mshono. Mikanda minne ya ngazi, kila mmoja wa sentimita 33, inamaliza sentimita 132 za utepe, na upana wa 30 unakaa vidirisha saba na kubakisha kidogo pembeni.

Je, wajua kwamba begi huchanikia kwenye mshono mara nyingi kuliko kwenye kitambaa? Hapa ndipo ningemsihi mshonaji asiharakishe. Mkanda wa bega usishikwe na mstari mmoja wa uzi. Ingiza mkia wake ndani kwa sentimita tano hivi, ushone mraba, kisha piga msalaba ndani ya mraba huo, kona hadi kona. Mwanzo na mwisho wa kila mshono wima wa ngazi, rudi nyuma na mbele mara kadhaa. Lakini usifanye mishono midogo mno: nukta zinazobanana hutoboa kitambaa mpaka kikachanika kwenye mstari huohuo. Urefu wa milimita tatu kwa nukta unafaa kitambaa kizito.

Je, wajua maana ya namba mbili zilizo kwenye pakiti ya sindano? Katika 100/16, ile 100 inaonyesha unene wa sindano katika sehemu za mia za milimita, kwa hiyo ni milimita moja kamili. Ile 16 ni namba ya mfumo wa Kimarekani. Shati linataka 80/12. Kwa begi, anza na 100/16, na mahali penye matabaka manne weka 110/18.

Je, wajua kwamba cherehani ya miguu haina unyonge wowote mbele ya turubai? Isaac Singer alipata hataza ya cherehani yake mwaka 1851, na umbo hilo la chuma kizito bado linafanya kazi kwenye baraza za maduka Kenya nzima, umeme uwepo au usiwepo. Ukifika penye unene, toa miguu kwenye kanyagio na uzungushe gurudumu kwa mkono, nukta moja moja. Sindano haitavunjika.

Je, wajua kwamba jua la Isiolo hula nailoni? Mtaalamu wa kemia Wallace Carothers na wenzake waliitengeneza nailoni mwaka 1935 katika kampuni ya DuPont. Ni ngumu kukatika na haichubuki upesi, lakini mionzi ya jua huidhoofisha kuliko inavyoidhoofisha poliesta. Kwa hiyo uzi uwe wa poliesta, hata kama kitambaa ni nailoni. Uzi wa pamba nao huoza kwa jasho na unyevu.

Hujui kitambaa ulichouziwa ni cha nini? Kata kipande chembamba, kishike kwa kibanio, ukichome. Pamba huacha jivu laini. Nailoni na poliesta huyeyuka na kuganda kama shanga. Tabia hiyohiyo inakusaidia: ncha ya mkanda wa nailoni hupitishwa kwenye moto wa kiberiti ili isifumuke. Ncha ya mkanda wa pamba lazima ikunjwe mara mbili na kushonwa.

Je, wajua kwamba zamani mikanda ya kubebea vitu vya askari ilikuwa ya ngozi? Vita vya Waingereza na Makaburu vya 1899 hadi 1902 vilionyesha udhaifu wake, na mwaka 1908 jeshi la Uingereza likapokea mikanda ya pamba iliyofumwa nene, ambayo mifuko yake iliungana na askari akaivaa na kuivua yote kwa pamoja.

Je, wajua kwamba velkro ilitokana na mbegu za magugu? Mswisi George de Mestral alirudi kutoka matembezini mwaka 1941 akakuta mbegu zimeng'ang'ania manyoya ya mbwa wake, akazitazama kwa hadubini na kuona vijikulabu. Hataza aliipata mwaka 1955. Anayeijua nyika ya Isiolo hashangai, kwa maana kikwata, mgunga wenye miiba iliyopinda kama kulabu, hushika shati na kukataa kuliachia. Lakini velkro haipendi nchi hii. Mchanga na mbegu za nyasi hujaa katika vijikulabu vyake mpaka ikaacha kushika. Kwa kifuko cha nje, kifungo cha kubonyeza au kibanio cha plastiki kitadumu kuliko velkro. Na mikanda inayoning'inia ovyo, ikunje na uibane, maana kikwata kitaipata.

Je, wajua kwamba namba ya zipu inakaribia upana wa meno yake yakiwa yamefungwa, kwa milimita? Namba 5 inafaa kifuko. Mdomo wa begi unataka namba 8 au 10. Meno makubwa huvumilia vumbi. Shona kibawa cha kitambaa cha kuifunika zipu, na pitisha mswaki mkavu kwenye meno yake kila mara.

Na je, wajua kwamba zipu nzuri na vibanio vizuri vinapatikana kwenye begi lililochanika? Sokoni kwenye mitumba, begi ambalo mgongo umekwisha linaweza kuwa na zipu nzima, vibanio viwili, vifaa vya kurekebisha mikanda ya bega na sponji imara. Nunua begi hilo kwa ajili ya viungo vyake. Kata mishono kwa wembe, usikate mkanda.

Je, wajua kwamba sponji ya godoro haifai mikanda ya bega? Hunywa jasho, na chini ya uzito hulala ikawa bapa. Inayotakiwa ni sponji ngumu yenye vijishimo vilivyozibwa, kama ile ya soli za kandambili au mikeka ya kulalia ya wapanda milima. Unene wa sentimita moja unatosha.

Je, wajua kwamba wanasayansi waliwapima wanawake wa Kenya wakibeba mizigo na wakastaajabu? Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake kuhusu wanawake wa Kiluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikuyu, wanaobeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Waligundua kwamba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuongeza nguvu waliyotumia kutembea. Mwanamke wa kilo 60 alibeba kilo 12 bila gharama ya ziada! Sisi wengine, tusiokuwa na ustadi huo, tunalipia kila kilo. Ndiyo maana kitu kizito kiwekwe karibu na mgongo, na kifuko cha nje kabisa kibebe vitu vyepesi.

Je, wajua kwamba kifuko cha chupa kinaweza kupoza maji bila barafu? Kishone kwa blanketi la sufu au pamba nene, kisha ukiloweshe. Maji yanapokauka kutoka kwenye kitambaa huchukua joto la chupa. Hewa kavu ya Isiolo huifanya kazi hiyo vizuri sana; Mombasa, penye unyevu mwingi hewani, haitafua dafu. Kupambana na joto si jambo geni kwa biashara ya maziwa: akina mama wa ushirika wa Anolei hukusanya maziwa ya ngamia Isiolo na kuyasafirisha kwa basi hadi Eastleigh, Nairobi, na kwao joto ni adui wa kila siku. Kwa msafiri, lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo shona vifuko viwili vya chupa, kimoja kila ubavu, begi lisiinamie upande mmoja.

Je, wajua kwamba chupa ya kujaza tena si anasa ukielekea hifadhi za Samburu, Shaba au Buffalo Springs? Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumia mara moja, zikiwemo chupa za maji, haziruhusiwi katika maeneo yaliyohifadhiwa.

Je, wajua kwamba rangi ya begi inaweza kukuletea mbung'o, au hata polisi? Mitego ya mbung'o hushonwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi kwa sababu rangi hizo huwavuta wadudu hao. Kwa nchi yenye mbung'o, rangi ya udongo ni salama zaidi. Na Isiolo ni mji wa wanajeshi, ambako Shule ya Askari wa Miguu ya jeshi la Kenya ipo. Sheria haimruhusu raia kuvaa sare za jeshi, kwa hiyo kitambaa chenye mabaka ya kijeshi kiache dukani hata kikiwa imara na cha bei nafuu. Kaki tupu au kijani tupu havina matata.

Je, wajua kwamba mfuko wenye thamani kuliko yote hauonekani? Barabara ya Isiolo hadi Moyale, karibu kilomita 500, ina vizuizi vya kukagua vitambulisho. Acha mpenyo wa zipu upande unaogusa mgongo wako na ushone humo mfuko bapa wa kitambulisho na pesa. Bitana ya begi iwe ya rangi nyangavu, leso ya zamani inafaa kabisa, ili funguo nyeusi zionekane chini.

Je, wajua kwamba maktaba imewahi kufika nyikani kwa vipande? Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Kitaifa ya Kenya ilianzisha maktaba ya ngamia kutoka Garissa. Masanduku ya vitabu yalipanda ngamia mmoja, hema la kusomea likapanda mwingine.

Je, wajua kwamba hakuna begi la kushonwa lisilovuja? Kila tundu la sindano ni mlango wa maji, na mvua za Aprili na Novemba zikija Isiolo huja kwa nguvu. Tafuta mwavuli uliovunjika mbavu. Fumua kitambaa chake, pindo lake lote la nje ulikunje na kulishona, upitishe lastiki ndani. Kitambaa cha mwavuli mmoja mkubwa kinafunika begi la lita 21 pamoja na vifuko vyake, na ukikikunja kinaingia mfukoni.