Zebaki Katika Meno Yaliyozibwa: Nani Achukue Tahadhari

Mkazi wa Sakina jijini Arusha aliyezibwa jino kwa madini ya rangi ya fedha amebeba kinywani amalgamu, mchanganyiko ambao takribani nusu yake ni zebaki. Zebaki hiyo hutoa mvuke kidogo, hasa mtu anapotafuna au kusaga meno usingizini. Kwa watu wengi kiwango hicho hakijathibitika kuleta ugonjwa. Hata hivyo, mvuke mwingi hudhuru figo na mishipa ya fahamu, na zebaki huweza kumfikia mtoto aliye tumboni.

Kwa sababu hiyo, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, Tanzania ikiwamo, zilikubaliana mwaka 2022 kuacha kuitumia kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto walio chini ya miaka 15, isipokuwa daktari akiona ni lazima.

Kuondoa kizibo kizima kwa hofu tu si busara, kwani kukichimba huongeza mvuke. Kilichopasuka ndicho kipelekwe kwa daktari wa meno. Ama madoa ya kahawia yanayoonekana kwenye meno ya wakazi wengi wa maeneo ya Mlima Meru, hayo hayahusiani na zebaki. Yanatokana na floraidi iliyozidi katika maji waliyokunywa utotoni.