Fahamu: Shindano la uandishi na safari ya Ngũgĩ

Shindano la uandishi humfaidi vipi mwanafunzi? Mtazame mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025.

Mwaka 1961, akisoma Makerere, aliandika riwaya kwa ajili ya shindano la East African Literature Bureau. Mswada huo ulichapishwa 1965 kwa jina The River Between, kisa cha jamii iliyogawanyika kati ya mila na Ukristo.

Baadaye, kutetea haki kwa maandishi yake kulimponza. Desemba 1977, baada ya tamthilia yake ya Ngaahika Ndeenda kupigwa marufuku, alitiwa kizuizini karibu mwaka mzima bila kushtakiwa.

Kwa wanafunzi wa Tulia, Kitui, yupo mwandishi wa karibu zaidi: David Maillu, mzaliwa wa Makueni, aliyeanzisha Comb Books miaka ya 1970 na kujichapishia vitabu vyake.